Sindano ya Mume Mwenza

Kijiwe chetu ni benchi lenye mguu mmoja wa tofali, nje ya duka la Fundi Cherehani. Kahawa anapika Mama Birika, maneno tunaleta wenyewe. Leo Fundi hashoni. Amempakata paka wa mkewe, dume, mnene, mwenye ugonjwa wa sukari. Sisi tunamwita Mume Mwenza, maana kwao ndiye anayeandaliwa chakula kwanza. Mke kasafiri, kaacha amri: insulini, uniti moja, asubuhi na jioni. Jana sindano zikaisha, Fundi akanunua nyingine. Sasa kashika moja, anaikodolea macho.

— Jamani, kistari cha moja ni kipi hapa? Nikizidisha, paka kwisha. Mke wangu akirudi akute kaburi, chimbeni mawili kabisa.

— Lete, akasema Fundi Saa, akabana lenzi yake jichoni. Hee! Chembamba kama unywele. Na kuna povu. Povu nalo linahesabiwa?

— Ligonge litoke, akasema Mpaka Rangi. Halafu zimua dawa na maji kikombeni, mbona mimi rangi nazimua kila siku? Damu nzito kuliko maji!

— Methali hiyo ni ya ndugu, wewe!

— Kwani huyu si ndugu? Analala kitandani kwa Fundi.

— Na Fundi analala mkekani, akachomekea Mama Birika.

Tukacheka mpaka benchi likayumba. Fundi hakucheka.

Mwalimu Mstaafu akakohoa kidogo, dalili ya hatari.

— Mnahangaikia kidogo cha nini? Mpige ya wiki nzima leo. Kistari cha kumi na nne kinaonekana vizuri. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mwalimu, hiyo itajaza kaburi!

— Basi achomwe Mwalimu kwanza, akasema Fundi Saa. Akibaki wima, tutajua.

Pale akatokea dada mmoja, kafuata suruali yake. Akainama, akatazama chupa, akatazama sindano.

— Shikamooni. Samahani, chupa imeandikwa uniti arobaini kwa mililita, sindano imeandikwa mia. Kistari cha moja hapo ni uniti moja ya dawa hii kweli?

Fundi Saa akatoa lenzi jichoni. Mwalimu akavaa miwani, akasoma mwenyewe.

— Sindano za zamani ziliandikwaje? akauliza dada.

— Sijui, dada yangu, akasema Fundi. Nilikuwa natazama vistari tu.

Akaifunika sindano, akatia chupa mfukoni, akamkumbatia Mume Mwenza na kushika njia ya kwa daktari wa mifugo, tepu ikining'inia shingoni.

— Fundi! Na suruali yangu?

— Suruali haifi, dada! akajibu bila kugeuka.