Fundi wa Lifti wa Benchi la Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, wekeni kazi pembeni kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa lifti. Miaka thelathini na mmoja alipanda na kushuka maghorofa ya mji wake akitengeneza lifti. Kazini walimwita Mzee Nati, maana mifuko yake haikukosa nati mbili tatu. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na minane.

Mzee Nati hakuwa mtu wa dini. Jumapili mkewe alikwenda kanisani. Yeye alibaki nyumbani kwao, ghorofa ya tisa, na gazeti lake. Akitaniwa, alijibu: "Lifti ikikwama watu humwita Mungu, lakini anayefika ni mimi."

Kisha mkewe akafariki, ghafla. Wenzake kazini walituma pole kwa simu. Majirani walimpa pole kwenye korido, wakafunga milango yao. Siku ya tatu baada ya mazishi, mlango ukagongwa. Walikuwa wanawake wanne wa kanisani kwa mkewe. Aliyewatangulia alikuwa mshonaji, mfupi, asiye na maneno mengi.

"Akina mama, msijisumbue," Mzee Nati akasema. "Mimi siamini."

"Shemeji, hatukuja kukuuliza hilo," mshonaji akajibu, viatu keshavua. "Mashuka ya kufua yako wapi?"

Walifua. Walipika. Walimzungumzia marehemu, vituko vyake na vicheko vyake, hadi Mzee Nati, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu mkewe afariki, akalia kwa sauti. Wiki iliyofuata walirudi. Wiki ya tano akaenda yeye kanisani. Alikaa benchi la nyuma kabisa, kama mtu anayesubiri kuitwa kazini.

Binti yake, ambaye ni daktari, hakupendezwa. "Baba, hata wewe? Zama hizi?"

"Mwanangu, sijui kama naamini. Ninachojua, nisipofika kuna anayeuliza niko wapi."

Na waliuliza kweli. Miaka saba baadaye, Jumapili moja, benchi la nyuma lilikuwa tupu. Mshonaji hakungoja ibada iishe, akaenda nyumbani kwake. Alikuwa ameachiwa ufunguo wa akiba. Akafungua, akamkuta Mzee Nati sakafuni jikoni, mdomo umepinda, mkono mmoja umekufa ganzi. Madaktari walisema saa moja zaidi na asingepona. Alipona. Aliishi miaka miwili mingine, akampakata mjukuu wake kwa mkono uliobaki na nguvu.

Siku za mwisho mchungaji alimuuliza kama amwombee. "Omba," alisema. "Mimi nitasikiliza."

Watu huuliza kwa nini, katika miji yenye kila kitu, nyumba za ibada bado zinajaa. Sina jibu la kila mtu. Binti yake aliniambia hivi: "Mimi bado siombi. Jumapili baada ya mazishi ya baba nilikwenda kanisani kuwashukuru tu, dakika tano. Mshonaji akasogea, akanipa nafasi. Nikakaa mpaka mwisho."

Tunampa pole binti huyo, mjukuu, na wote waliomzoea Mzee Nati. Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize: kesho usipoonekana, nani atakuja kugonga? Na wewe, unamgongea nani?