Mwalimu Aliyewasahau wa Ndani

Ndugu waombolezaji, mimi Nenita, dada mdogo wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea historia hii, nami nitajitahidi kuisoma bila kumgombeza.

Marehemu Mwalimu Crisanto Sumagaysay alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 mjini Guimbal, akasoma hapo hapo, akahitimu chuo kikuu jijini Iloilo mwaka 1979, na tangu Juni 1980 akafundisha hesabu katika chuo cha ufundi, akiuliza miaka yote swali lile lile: huu mchoro umepinda, tafuta mteremko wa mstari unaougusa hapa. Alimwoa Perlita tarehe 27 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Rodel na Glenda, ambao hadi leo hawataki kuona mabano.

Kwa kuwa sisi haturudi safarini mikono mitupu, bali huwaletea zawadi waliobaki ndani ya nyumba, alifundisha kwamba ukishamalizana na kipeo kilicho nje ya mabano, lazima uzidishe pia kwa mteremko wa kilicho ndani, na kila aliyesahau alikuta wino mwekundu: "Na wa ndani umewaletea nini?" Mimi aliniandikia hivyo hata kwenye kadi ya Krismasi.

Machi mwaka huu, 2019, figo zikimsumbua, alikataa kulazwa mpaka amalize kusahihisha mtihani, na kwa uchovu akaandika kwenye majibu yake kwamba mabano ya 2x kutoa 1, kwa kipeo cha tatu, pale x ilipo 1, mteremko wake ni tatu. Ni sita. Waliosahau mbili ya ndani wakapata vema, na binti mmoja, Jovelyn Catalbas, aliyeandika sita, akapata kosa, akafeli kwa alama hizo, ufadhili wake ukawa mashakani. Alipokuja nyumbani kulalamika alifukuzwa, Perlita akasihi, mimi nikafoka, na kichwa kigumu yule akajibu kwamba alianza kufundisha kabla mama wa binti hajajua kuhesabu. Jovelyn hakubishana, aliacha karatasi mezani, chini ya jibu ameandika kwa wino mwekundu, na wa ndani umewaletea nini.

Alilazwa tarehe 2 Aprili, na Jumatatu tarehe 8 akaiomba karatasi ile.

"Nenita, nimewasahau wa ndani," akasema. "Nipe kalamu."

Akarekebisha, akasaini, na kesho yake asubuhi akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwasahihisha hesabu za dawa mpaka mwisho, majirani mliotupikia siku zote hizi, na walimu wenzake mliomvumilia. Jovelyn, nakuona pale nyuma, njoo uichukue karatasi yako, saini imepinda lakini ni yake, umefaulu.

Pumzika kwa amani, Kaka. Zawadi ya wa ndani imefika.