Vidonge Alivyobakiza Shangazi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana sauti yangu ni ndogo. Nasoma kwenye daftari kwa sababu nikiwatazama nitakimbia.

Naitwa Advera, nipo kidato cha tatu, hapa hapa Kamuli. Mwaka jana nilishikwa na homa. Shangazi alikuwa na vidonge vya salfa alivyobakiza alipougua, na kwetu dawa haitupwi. Akanipa. Siku ya tatu nikatokwa na vipele vyekundu, midomo ikawaka moto. Nikasema niache. Shangazi akafurahi!

"Umeona? Uchafu unatoka! Ukiacha sasa utarudi ndani ukuue."

Ndugu zangu, nikaongezewa! Nilimeza huku nalia, na asante nikasema.

Ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la ndizi iliyochemshwa. Shuka liliniganda, mama akanilaza juu ya majani mabichi ya mgomba. Mlikuja kuniombea, asanteni. Lakini masikio yangu yalikuwa mazima. Mmoja wenu alisema pale mlangoni, "Huyo binti muulizeni alilala na nani." Mimi, ambaye sijawahi hata kushikwa mkono!

Nikapelekwa hospitali kwa bodaboda, nimebanwa katikati ya dereva na mama. Muuguzi akauliza, "Mama, alikunywa dawa gani?"

"Hakuna, sista."

Shangazi alikuwa amemwonya mama kwamba tutagombezwa. Muuguzi akauliza tena.

"Hakuna, sista."

Na vidonge mama alikuwa amevifunga kwenye pindo la kanga yake, anipe jioni!

Hapo Bwana akanipa nguvu. Mimi ambaye darasani sinyooshi kidole! Mdomo ulikuwa haufunguki, nikaionyeshea kidole kalamu ya muuguzi. Nikaandika nyuma ya cheti cha hospitali: SALFA. IPO KWENYE KANGA. Muuguzi akasoma, akamgeukia mama.

"Lete hapa. Ukimpa kimoja tena, unamzika."

Nimepona, ila jicho la kushoto linaona ukungu. Shuleni wananiuliza, "We nyoka, gamba umeliacha wapi?" Shangazi amekaa pale benchi la tatu, mpaka leo anasema ulikuwa uchafu. Sijamsamehe. Nimejaribu, sijaweza. Niombeeni na hilo.

Namshukuru Mungu kwa kunitoa kaburini. Mtegemeeni, ndugu zangu, hamtaaibika. Yeye jina la ile dawa alilijua tangu mwanzo. Lakini muuguzi hakumuuliza Mungu, alimuuliza mama. Mkiulizwa, semeni.