Ekari Tatu na Robo

Ukitaka kupotea Khayega, uliza swali kwenye benchi la kahawa la Navalayo. Asubuhi ile Shikanga alilikalia akiwa na gunia la miche ya lusiola ya kupanda mpakani. Marehemu baba yake aliacha ekari tatu na robo, akatamka mbele ya wazee kwamba binti yake Pascalia apewe moja na theluthi mbili. Kilichobaki ni cha Shikanga. Sarveya angefika saa nne kuvuta kamba, na Shikanga tayari alijua jibu analolitaka.

— Anza na nzima, alisema Protus, aliyeitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia chuo kikuu. Tatu toa moja, mbili.

— Na vipande?

— Juu na juu, chini na chini. Mbili toa moja, moja. Nne toa tatu, moja. Moja juu ya moja ni nzima. Unabaki na tatu.

— Dada achukue yake, na mimi nibaki na tatu?

— Haba na haba hujaza kibaba.

Tevin wa boda, ambaye kijiweni ni Kalkuleta ingawa simu yake ilizima tangu jana, akatikisa kichwa.

— Apana. Vipande vinakatwanga kumi na mbili kwanza. Robo ni tatu, theluthi mbili ni nane.

— Tatu toa nane?

— Haiwezi. Kwa hivyo unageuza. Nane toa tatu, tano. Yako ni mbili, na tano juu ya kumi na mbili.

— Hakuna kugeuza, Navalayo alisema akimimina kahawa. Unakopanga kwa ile nzima.

— Kukopa harusi, kulipa matanga, alisema Profesa.

— Basi hatukopi, alisema Shikanga haraka, akimpa Profesa karatasi. Andika ya Kalkuleta.

Pascalia alikuwa amesimama nyuma yao, macho kwenye karatasi.

— Yangu ni moja na theluthi mbili?

— Ndiyo, dada.

— Na yako mbili na hizo tano?

— Hesabu ndiyo imesema.

— Nane yangu na tano yako ni kumi na tatu, hiyo ni nzima na zaidi. Weka moja yangu, weka mbili zako. Zimepita nne. Baba aliacha tatu na robo. Hiyo ingine mnakata kwa shamba la nani?

Profesa alitafuta methali, akaikosa.

Shikanga aliona aibu. Akiwa darasa la tano, aliyemfundisha kukopa kwa nzima alikuwa ni huyu Pascalia.