Lyndon Ray Stroud na Jaketi Lisilokatwa Kamba

Ndugu waombolezaji, marehemu Lyndon Ray Stroud alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, hapa Harrison, Arkansas, akiwa mtoto wa pili na mwanamume pekee kati ya watoto watatu wa hayati Orville na hayati Lottie Stroud, na historia yake inasomwa na binti yake, Carlene, ambaye ameamua kuisoma yote, kwa kuwa tangu Jumamosi watu wamekuwa wakisema jikoni na hata kanisani humu kwamba mjane ndiye aliyemuua mumewe.

Alisoma hapa hapa mjini hadi mwaka 1976, akaajiriwa katika kiwanda cha springi, na huko ndiko alikopata ujuzi na kiburi, vyote kwa wakati mmoja. Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Nadine Pruett, na mwaka 1984 wakajaliwa mtoto mmoja, ambaye marehemu aliwaambia wengi kwamba alimtarajia awe wa kiume.

Mwaka 1989 alifungua duka lake la bunduki, na sheria ilipowaruhusu watu kubeba bastola chini ya nguo, mwaka 1995, akawa mwalimu wa kaunti nzima, kila Jumamosi akizipanga bastola ndogo juu ya kitambaa, akizifungua na kuzilinganisha kipande kwa kipande. Aliyoipenda yeye ni ile ambayo pini yake ya kugonga risasi imejificha ndani, springi imeshaivuta nusu, haina nyundo ya nje wala komeo la usalama, nyembamba, haikwami kwenye shati unapoichomoa. Ya Nadine ilikuwa ya kizamani, ina kifyatulio kizito na nyundo ndogo kwa nyuma, na kila alipoirudisha kwenye ala ya kiunoni aliikandamiza ile nyundo kwa kidole gumba, maana nguo ikinasa kifyatulio nyundo huinuka na kukisukuma kidole, nawe unasimama kabla ya maafa.

Marehemu aliufanya ubishi huo kuwa kichekesho cha duka, akimwita mkewe mbele ya wateja na kumwambia, "Nadine, hebu waonyeshe hiyo ya kuvunjia njugu!" watu wakacheka, naye Nadine akajibu, "Yangu husema kabla, Ray, yako itasema baada," wakacheka zaidi, na mwaka 2009 akaacha kabisa kukanyaga dukani.

Hata hivyo kwa miaka ishirini na minane Nadine aliendelea kukata kwa mkasi kamba za pindoni za kila jaketi la mumewe, zisije zikaingia kwenye ala, na hakushukuriwa hata siku moja. Mwezi Oktoba mwaka huu marehemu alikwenda katika duka la nguo za uwindaji anakofanya kazi binti yake, akanunua jaketi jipya kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Hili nitalificha dukani kwangu, mama yako asije akalitahiri," na binti akacheka, akamfungia.

Tarehe 11 Novemba 2023, siku ya kufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu, duka likiwa limejaa, aliichomoa bastola yake mara tatu kuonyesha wepesi wake, akairudisha mara ya tatu akiwatazama wateja, akisema, "Mimi hata macho sihitaji," kamba ya jaketi ikatangulia kuingia kwenye ala, ikanasa kifyatulio, na risasi ikakata mshipa mkubwa wa paja. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye hakupata bahati ya kuvunjika tu.

Hospitalini polisi alimuuliza ilikuwaje, naye, huku amemshika binti yake mkono na kumtazama machoni, akijua kwamba binti anaujua ukweli, akasema, "Nadine alininunulia jaketi, akaniachia kamba zinaning'inia," akafariki saa kumi na dakika ishirini jioni, na binti akanyamaza siku tano, kwa woga na aibu, huku shangazi zake Maxine na Jolene wakimwamuru mama yake akae safu ya tatu, na kutaka jina lake lifutwe kwenye jiwe la kaburi lililochongwa majina ya mume na mke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani walioleta kuku na mikate ya mahindi, na wateja waliomfunga jeraha kwa mikanda yao, ingawa ni hao hao waliocheka.

Mama, njoo ukae huku mbele, na jina lako litabaki kwenye jiwe ukilitaka, na usipolitaka nitalifuta mimi. Shangazi Maxine, shangazi Jolene, mpisheni.

Pumzika, baba, amani tumempa mama.