Maisha ya Mama Pindo, na Cherehani Iliyokimbia Bila Uzi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kushika mkono familia hii, mimi ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa mama yetu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, kazi ambayo kwa haki ilikuwa yake kunisomea mimi, maana mwenye sukari na miguu mibovu ni mimi, si yeye. Nimeambiwa nisirefushe, nimeambiwa pia kwamba yapo ya siku ile nisiyaguse, ila hayo nitayagusa, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyeniagiza, na kabla sijaanza nawaomba mlio karibu na geti, yule binti mwembamba aliyekaa peke yake juu ya tofali, tafadhali msimwache aondoke kabla sijafika mwisho.

Dada yetu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1965, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya wapangaji ambako baba yetu, fundi viatu, alikuwa na vyumba viwili, kimoja cha kulala sisi sote na kingine cha viatu vya watu, tena chumba cha viatu ndicho kilichokuwa kikubwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1973 na kumaliza 1979, na jina lake lilipokosekana kwa waliochaguliwa kwenda sekondari alilia mpaka macho yakavimba, ndipo mama akamkalisha mbele ya cherehani yake ya kukanyaga, akampa shuka iliyochanika, na kilio kikaishia hapo.

Baada ya kujifunza kwa mafundi wawili, mwaka 1988 aliajiriwa kufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi cha vijana, na hapo ndipo alipobaki hadi Ijumaa ile, akiwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Jina la Mama Pindo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa hakuweza kuona pindo limeachia akanyamaza, na wenzake wa chuoni ni mashahidi kwamba kwenye mahafali moja alimsimamisha mgeni rasmi katikati ya ngazi, akapiga goti, akamshonea suruali huku mheshimiwa ameshika ukuta na watu wamesimama wanamngoja. Mimi mwenyewe asubuhi ya harusi yangu aliniingilia chumbani na sindano mdomoni, nikiwa na soksi tu, wala hakuomba radhi.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi magari, mwanaume wa kifua kipana na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, nao wakajaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1990, ambaye ni fundi wa kuchomelea, na wa kike mwaka 1994, ambaye ni mwalimu wa chekechea. Jumapili ya tarehe 22 Februari 2009, baada ya chakula cha mchana, shemeji alianguka kizingitini pake mwenyewe, tukiwepo watu tele, mmoja akimmwagia maji, mwingine akimvua viatu, mwingine akitaka akalishwe, mimi nikikimbilia gari, na dada akimpepea kwa kipande cha boksi mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyejua la kufanya, na wote tulikuwa tunafanya, na shemeji akatutoka hapohapo mbele ya macho yetu.

Mwaka 2011 alikuja chuoni muuguzi kufundisha huduma ya kwanza, dada akaombwa tu apinde bandeji za pembetatu, akakaa nyuma na kazi yake magotini, na huko nyuma ndiko aliposikia kwamba mtu aliyeanguka, akiitwa haitiki, tena hapumui, hapepewi, bali anabonyezwa kifuani kwa nguvu na bila kuacha mpaka msaada ufike. Alirudi nyumbani akakaa sakafuni na kulia upya, akaniambia, mdogo wangu, nilimpepea mume wangu kama mtu anayepepea mkaa, na mikono hii miwili ilikuwepo.

Kuanzia hapo hakukalika. Alitoa ovaroli la marehemu mumewe, akalishona likawa mtu mzima, akalijaza sponji na mabaki ya vitambaa, na ndani ya kifua akatia chupa ya plastiki, ili anayebonyeza ipasavyo aisikie ikilia ka, na anayebonyeza kama anambembeleza paka asisikie kitu. Mtu huyo wa kitambaa tulimwita Shemeji, na kila Jumatano baada ya masomo alilazwa katikati ya darasa, wakaja waashi, mafundi umeme na wapishi, wakafundishwa kwanza kutazama usalama wao, kuzima umeme kabla ya kumgusa aliyenaswa, kukandamiza jeraha linalovuja bila kufunua funua kuchungulia, kisha kifua. Mwendo wa kifua ulitoka kwenye cherehani, mwanafunzi mmoja aliketi akaikanyaga bila uzi, kasi ileile ya kushona pindo refu, na mwenzake akabonyeza mara moja kwa kila mkanyago, na sheria ya Mama Pindo ilikuwa moja, kifua kikilia usiache. Nilikuwa namtania, dada, shemeji yangu alipumzika salama, nyinyi kila wiki mnamfufua mumpige, naye alicheka, ila nyuma ya kicheko niliona kidonda.

Katika darasa hilo, miaka hii ya mwisho, ndimo alimokuwa binti tunayemwita Sindano, mwembamba mpaka wenzake walidai akigeuka upande haonekani, na siku ya kwanza alipobonyeza, Shemeji hakulia, wakamcheka, akataka kuondoka. Dada alimrudisha, akamwambia hatafuti nguvu, anatafuta uzito, nyoosha viwiko, simamisha mabega juu ya mikono, acha mgongo ufanye kazi, na Shemeji akalia, na toka siku hiyo binti huyo hakukosa Jumatano hata moja.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akawa anameza dawa, na maumivu yoyote ya kifua akiyaita kiungulia. Ijumaa ya tarehe 14 Juni 2024, mchana, mpwa wangu, yule wa kuchomelea, alikuwa amekuja kumchukua mama yake, dada akainuka kwenye cherehani, akasema kiungulia kimemshika, akakaa, akateleza chini. Alikuwa anakoroma kwa kukatakata, watu wakasema anapumua, mwacheni apate hewa, lakini Sindano alimgonga mabegani, akamwita, akatazama kifua, akasema hapana, huku si kupumua, akamnyooshea kidole mwenzake mmoja apige simu ya gari la wagonjwa, mwingine akasimame barabarani alielekeze, akapiga magoti na kuanza. Mwanafunzi mwingine alikaa kwenye cherehani ya mwalimu wake, akaondoa uzi, akaikanyaga huku machozi yanamdondoka juu ya meza.

Sasa hapo ndipo maneno yalipozaliwa, na yametembea kuliko miguu ya watu. Aliyepita dirishani alisikia cherehani inakimbia akaenda kutangaza kwamba Mama Pindo anakata roho na wanafunzi wake wanashona. Waliokuwa ndani walisikia kifua cha dada kikilia, ka, kweli, mbavu za mtu, na mpwa wangu, ambaye ameniruhusu niseme, tena amesema nikiruka atasoma mwenyewe, alimkamata binti shingoni, akamtupa pembeni, akapiga kelele kwamba anamuua mama yake. Binti aliinuka akarudi. Akatupwa tena, akarudi, akamwambia mpwa wangu kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, kaka, mama amesema kikilia usiache, na wenzake wakamzunguka kwa migongo yao, wakapokezana, mpaka gari likafika na ile mashine ya kushtua moyo, na moyo wa dada yangu ukarudi.

Ukarudi, jamani! Jumamosi jioni alifumbua macho, Jumapili alizungumza, akamshika mkono mwanawe, akamwambia bintiye pindo la sketi yake limeachia nyuma, akacheka, akashika mbavu, akasema huyu mtoto ameniumiza vizuri. Shemeji alituondokea bila neno, lakini dada alitupa Jumapili nzima, na ni Sindano aliyetupatia. Jumatatu ya tarehe 17 Juni, asubuhi, wauguzi wakibadilisha shuka, moyo ulisimama tena, wakahangaika naye, ukakataa, na mimi sijui nitamwambia nani sasa kwamba suruali yangu imeachia.

Daktari alituambia mbele ya mpwa wangu kwamba mbavu huvunjika hata chini ya mikono ya madaktari, kwamba si mbavu zilizomuua, ni moyo, na kwamba bila ile mikono ingefika hospitali maiti. Lakini binti huyo hajala tangu Jumatatu, mama yake ameniambia ameapa hatamgusa mtu tena maisha yake yote, na humu humu msibani nimesikia kwa masikio yangu mtu akimwonyesha kwa kidole, na aliyefanya hivyo anajijua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kutuhangaikia siku zote tatu, majirani kwa kufunga shughuli zenu na kulala hapa na sisi, walimu na wafanyakazi wa chuo kwa kumbeba mwenzenu mabegani, na wanafunzi wa Jumatano, kila mmoja wenu, pamoja na yule aliyekanyaga cherehani.

Na sasa wewe uliye getini, mwanangu. Jumapili ile dada alinishika mkono akaniagiza nikwambie hivi, nami nakwambia mbele ya watu wote kama alivyotaka. Alisema, mwambie Sindano najua alipochoka viwiko vilipinda, huwa vinapinda, siku nyingine anyooshe. Nikamuuliza, ni hayo tu? Akasema ni hayo tu. Umesikia, binti, mwalimu wako amesema siku nyingine. Mpwa wangu anakuja huko na kiti, si kukufukuza, anakuja kukuleta mbele ukae na watoto wenzako wa Mama Pindo, mpishe njia jamani apite.

Dada, ondoa mguu kwenye kanyagio, wapo wa kukanyaga, pumzika kwa amani.