Sekunde Arobaini za Mwalimu Hoja

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlioketi hapa mlimwita Mwalimu Hoja hata mkasahau jina alilopewa na wazazi wake, alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi viatu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wote wasichana. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kubisha.

Alianza shule mwaka 1965. Alipofika darasa la saba, kaka mkubwa wa baba yake alikuja na ushauri ambao hakuna aliyeuomba, akiutoa huku akitikisa kidole. "Msichana ukimsomesha sana, kesho atakuwa na mdomo kuliko mumewe. Mtoe, asaidie nyumbani." Fundi viatu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijibu, "Kaka, viatu vya shule nimeshamshonea. Sasa nimvalishe nani?" Mazungumzo yakaishia hapo. Marehemu, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliyahifadhi maneno ya baba yake mkubwa yote bila kuacha hata moja. Alimaliza sekondari mwaka 1975 na chuo cha ualimu mwaka 1977.

Januari 1978 aliajiriwa katika shule ya sekondari iliyo mkabala na kiwanda cha sabuni, akafundisha historia hapo kwa miaka arobaini. Wasichana walioacha shule aliwafuata makwao kwa miguu, na wazazi walipomwona anakuja na mwavuli wake walijua siku imeharibika. Yeye ndiye aliyeanzisha mdahalo wa kila Ijumaa. Utaratibu wake mnaukumbuka: mwishoni yeye mwenyewe, mlezi wa mdahalo, alichukua kikaratasi ndani ya boksi la chaki, kimoja kimeandikwa kutetea, kingine kupinga. Upande wowote uliomwangukia aliusemea dakika kumi kwa nguvu zake zote, hata kama aliuchukia. Kisha wanafunzi walisimama mmoja mmoja na kumbomoa. Alisema, "Usipoujua uongo unavyopendeza, utaubomolea wapi?"

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na fundi redio wa mtaa wa pili. Kijana alipokuja kueleza nia yake, marehemu alimtaka atoe sababu tatu. Fundi alikuna kichwa, akasema, "Mimi si wakili. Sababu ninayo moja tu, nataka kuishi na wewe." Wakajaliwa wana wawili. Pia walimlea binti wa mdogo wake, binti aliyekuja kwao akiwa darasa la pili na hakuondoka tena.

Sasa tufike Ijumaa ile, tarehe 17 Julai 2015, kwa sababu hata leo wapo watu hapa wanaomjua marehemu kwa siku hiyo tu. Hoja ilisema kwamba kumsomesha mtoto wa kike ni kupoteza muda. Kikaratasi kikatoka kutetea. Marehemu akasimama, akayatoa maneno ya baba yake mkubwa, na sauti yake, na kile kidole chake, ukumbi mzima ukacheka mpaka viti vikalia. Baada yake wasichana kumi na mmoja walisimama wakamwacha hana pa kushika. Lakini simu iliyokuwa ikirekodi mstari wa tatu ilitoa mtandaoni sekunde arobaini tu, zile za kidole. Kufikia Jumatatu watu wasiowahi kuliona lango la shule walikuwa wanataka afukuzwe. Jumatano alisimamishwa kazi. Jirani wa miaka ishirini akaacha kumsalimia. Mume wake alikaa katikati ya redio zake na kusema, "Redio ikikuudhi unazima. Hii inazimwa wapi?"

Alikaa nyumbani miezi minane na nusu. Ni kweli pia kwamba kilichomtoa humo ni mtandao huo huo. Mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mchomelea vyuma, aliweka picha akiwa na kinyago chake cha kazi na kuandika, "Huyu mwalimu alinifuata nyumbani mara nne." Akafuata mkunga, akafuata karani wa mahakama, hadi wakapita mia mbili. Tarehe 4 Aprili 2016 alirudi kazini. Kwenye mdahalo wa kwanza wanafunzi walichagua hoja kwamba mtandao umeiletea jamii mema kuliko mabaya. Akachukua kikaratasi. Kutetea. Mmoja akasema, "Mwalimu, chukua kingine, jamani." Akajibu, "Kura ni kura," akautetea dakika kumi. Alisema kwamba kwa miaka ishirini alidhani yule mchomelea vyuma amepotelea jikoni kwa mtu, na mtandao ndio uliomwonyesha mikono yake yenye makovu ya kazi. Mwanafunzi akamuuliza kama anamjua aliyemrekodi. Akasema, "Swali hilo halimo kwenye hoja." Alishindwa kwa kura tisa, akawapigia makofi.

Alistaafu Juni 2018. Ugonjwa wa moyo ulianza mwaka 2022, na binti yule aliyemlea ndiye aliyemuuguza. Jioni moja wodini binti alishindwa kuvumilia, akamwambia kwamba simu ile ilikuwa yake, wakati huo akiwa mwanafunzi palepale shuleni. Alijivunia sana mama yake mkubwa siku ile, kifurushi kilikuwa karibu kuisha, akakata pale watu walipocheka zaidi na kuwatumia marafiki sita. Marehemu hakushtuka. "Anayecheka karibu na simu ni wewe. Nimekulea, nisikijue kicheko chako?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema, wangeniacha mimi wakugeukie wewe. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na saba. Wewe kumi na minane."

Binti akataka kuyaandika yote mtandaoni usiku uleule. Marehemu alimkataza. "Wale hawakujui. Waambie wanaokujua." Alifariki Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na mitano.

Binti huyo ndiye anayewasomea wasifu huu. Juzi alimweleza baba yake mkubwa, fundi redio, na kumuuliza kama sehemu hii itolewe. Mzee akasema, "Isome. Tena polepole, wasikie hata wa nyuma." Basi ameisoma, na anawaomba msamaha ninyi nyote mlioaibishwa pamoja na marehemu.

Marehemu ameacha mume, wana wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, na binti aliyemlea, ambaye marehemu alimbebea kosa lake miaka minane na kila asubuhi akamwekea chai mezani.

Mama mkubwa, lala kwa amani. Jina lako jema tumelirudisha.